Pingili ya mgongo ikivunjika uzeeni, si lazima upasuaji

MWANAMKE mzee wa Ipole, wilayani Sikonge mkoani Tabora, akipatwa na maumivu ya ghafla ya mgongo baada ya kuinua ndoo ya maji, ni rahisi kudhani ni uzee tu. Huenda pingili ya uti wa mgongo imebonyea na kuvunjika kutokana na udhaifu wa mifupa, unaowaandama zaidi wanawake waliokoma hedhi, homoni ya estrojeni inapopungua.

Hatua ya kwanza ni picha ya eksirei, kwa mfano katika Hospitali ya Kitete mjini Tabora. Kifua kikuu cha uti wa mgongo na saratani huleta dalili zinazofanana, ilhali tiba zake ni tofauti.

Wagonjwa wengi hupata nafuu bila upasuaji ndani ya wiki 6 hadi 12, kwa dawa za maumivu, mapumziko mafupi na pengine mkanda wa mgongo. Kulala muda mrefu hudhoofisha mifupa zaidi.

Kuzuia pingili nyingine isivunjike, hutolewa kalsiamu, vitamini D na dawa kama alendroneti, ambayo humezwa kwa maji kabla ya kula, na mgonjwa asilale kwa nusu saa.

Kudunga saruji maalumu ndani ya pingili, njia iliyoanzia Ufaransa mwaka 1984, huwafaa wachache. Tafiti mbili za mwaka 2009 hazikuona ikipunguza maumivu kuliko tiba ya kuigiza.

Miguu ikipoteza nguvu au mkojo usipozuilika, mgonjwa awahishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda mishipa ya fahamu imebanwa.