Usiichane, hata kama ina ukungu!

Hebu niambie msomaji wangu, umewahi kuchana picha kwa sababu tu "imecheza"? Mimi nimewahi, na mpaka leo inaniuma.

Ilikuwa kwenye harusi ya jirani. Rafiki yangu alikuwa jukwaani anacharaza gitaa, kainama, jasho linamtiririka. Nikamfotoa. Mkanda ulipotoka kusafishwa, nikakuta sura yake ni ukungu mtupu. Nikaichana pale pale dukani. Miaka miwili baadaye jamaa akafariki. Picha nilizobaki nazo ni zile kasimama wima, kama mtu anayetafuta paspoti.

Basi siku moja nikakutana na jalada la London Calling, albamu ya The Clash, vijana wa roki wa London, iliyotoka mwaka 1979. Mpiga besi wao, Paul Simonon, kapanua miguu, kaupinda mgongo, gitaa kalishika kama shoka anataka kulipasua kwenye sakafu. Uso huuoni. Na picha yenyewe, ebwana, ina ukungu!

Nikajiuliza, hii ilipitaje? Kumbe hata aliyeipiga, dada Pennie Smith, alikuwa haitaki. Ilikuwa mwaka huo huo wa 1979, ukumbi wa Palladium, New York. Simonon alieleza baadaye kwamba hasira zilimpanda kwa sababu mabaunsa waliwazuia mashabiki wasisimame. Alipolinyanyua gitaa, Pennie alikuwa karibu mno, ikabidi arudi nyuma huku anabonyeza kamera. Picha ingetokaje safi hapo?

Pennie aliona haifai. Lakini mwimbaji Joe Strummer na mchoraji Ray Lowry wakaing'ang'ania. Lowry akaipamba kwa herufi za pinki na kijani, kwa mtindo wa albamu ya kwanza ya Elvis Presley ya mwaka 1956. Mwaka 2002 jarida la Q la Uingereza likaitaja kuwa picha bora ya rock 'n' roll ya wakati wote. Ile ile iliyokuwa ikataliwe!

Ndipo nilipoelewa. Ukungu ule ndio vurugu yenyewe ya usiku ule. Na ukungu wangu ulikuwa rafiki yangu akiwa hai.

Siku hizi hata kuchana hakuna. Kidole kimoja kwenye simu, imefutika. Taratibu, mshikaji. Kabla hujauliza kama imetoka safi, jiulize kwanza: huyu ndiye yeye kweli? Kama ndiye, itunze.