Punda Yupo, Mwenyewe Amekata Tamaa

Andiko la mradi wa mifugo huwa na nafasi ya kila kitu cha mnyama: dawa ya minyoo, chanjo ya pepopunda, lijamu zisizochubua, banda, semina ya siku mbili. Mwenye mnyama hupewa nafasi finyu. Anaandikwa kuwa mnufaika, anahesabiwa, anapigwa picha, kisha anaachiwa kazi ya kila alfajiri. Punda anayetunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 25, lakini mradi mara nyingi huishi mitatu. Miaka inayobaki hubebwa na mfugaji peke yake, na hapo ndipo moyo wake huchoka. Mnyama akishakosa jicho la mwenyewe, hakuna dawa ya mradi itakayomfaa.

Mambo yaliyowapata punda wa Kenya tangu 2016 yanalionyesha hilo waziwazi. Mwaka huo machinjio ya kwanza ya punda kwa ajili ya soko la nje yalianza kazi, na hatimaye yakafika manne, katika kaunti za Baringo, Nakuru, Turkana na Machakos. Kilichotafutwa hasa ni ngozi. China huichemsha kupata ejiao, dawa ya asili inayouzwa kwa bei kubwa. Kwenye karatasi mpango ulipendeza: ajira, fedha za kigeni, na soko la mnyama ambaye hakuwahi kuwa na soko la maana.

Waliopanga walimchukulia punda kama ng'ombe wa nyama. Punda hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na hapakuwa na mashamba makubwa ya kuwafuga kwa ajili ya kuchinjwa. Kwa hiyo waliochinjwa walikuwa wale wale waliokuwa wakibeba maji, mahindi na mchanga. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya, KALRO, ilikadiria kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda wapatao 300,000, karibu asilimia 15 ya punda wote nchini. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda takriban milioni 1.8, ya 2019 ikakuta takriban milioni 1.2.

Hasara hiyo ilionekana. Iliyofichika ni ile iliyowapata wafugaji ambao punda wao hawakuchinjwa. Bei ilipopanda, wezi nao walikuja. Watu waliamka wakakuta mizoga porini, ngozi imechunwa na nyama imeachwa. Kajiado, Narok na kwingineko katika nyanda kavu, punda ni mali ambayo wanawake huitegemea kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani, kwa kuwa ndiye huwapunguzia mzigo wa maji na kuni. Aliyeibiwa alirudi kubeba mtungi mgongoni. Ambaye hakuibiwa alianza kulala sikio likiwa nje. Mali unayoikesha usiku na kuitumikisha mchana haikupi nafasi ya kuifurahia, na wengine waliuza punda mzima kwa bei ya hofu, kabla mwizi hajafika.

Februari 2020 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo kufuatia malalamiko ya wafugaji. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliubatilisha uamuzi wake. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, waliafiki kusitishwa kwa biashara ya ngozi za punda barani kwa miaka 15. Huo ni ushindi mkubwa kwa mnyama. Lakini tamko la Addis Ababa halimrudishii mama wa Narok hamu ya kununua punda mwingine, kumfundisha kubeba na kumwamini usiku.

Tena si wezi pekee waliovunja watu moyo. Kuna uchovu wa kawaida usioingia kwenye ripoti yoyote. Punda hana Jumapili: asipofanya kazi bado anakula. Mara nyingi mwenye punda si anayemwendesha. Amemkodisha kijana anayelipwa kwa safari, na kwa kijana huyo kila safari ya ziada ni pesa, huku kidonda cha begani kikiwa tatizo la mtu mwingine. Bodaboda imechukua mizigo myepesi yenye faida na kumwachia punda mawe na saruji. Juu ya hayo kuna dharau. Jamii inayosema fadhila ya punda ni mashuzi haimsifu mtu kwa kumpiga punda wake brashi. Kijana mwenye pikipiki huiosha mtaani kila mtu akimwona. Mwenye punda hutibu kidonda nyuma ya nyumba.

Uchovu huu hauwakumbi maskini tu. Uingereza, ambako farasi wengi hufugwa kwa starehe, wenye farasi huamka gizani wakati wa baridi kusafisha zizi kabla ya kwenda kazini, na humlipa fundi wa kwato kila baada ya wiki kadhaa. Wengi hununua farasi wakiwa na mpango: mashindano fulani, kiwango fulani cha kuruka viunzi. Mpango unapokwama, kwa jeraha au kwa kukosa fedha, farasi anabaki lakini sababu ya kumfuga inapotea. Wapo wanaouza. Wapo pia wanaoacha kupanda kwa muda, wakamshika farasi hatamu na kutembea naye shambani, au wakakaa tu wakimchana manyoya, hadi wakakumbuka kwamba walimpenda mnyama kabla ya kuupenda mpango. Tofauti ni kwamba mwenye farasi huyo ana uwezo wa kumpumzisha mnyama mwezi mzima bila watoto kulala njaa. Mwenye punda wa Limuru au Mwea hana nafasi hiyo. Raha yake lazima ipatikane humo humo ndani ya kazi.

Hapa ndipo Lamu inapofaa kutazamwa. Katika vichochoro vya mji mkongwe gari halipiti, na kisiwa kizima kimejengwa kwa migongo ya punda: mchanga, mawe, saruji, maji. The Donkey Sanctuary, shirika lililoanzishwa Uingereza na Elisabeth Svendsen mwaka 1969, lilifungua kituo chake mjini humo mwaka 1987, kinachotibu punda bila malipo. Tiba ya bure ni jambo jema, lakini peke yake ingeweza kuwa mlango ambao mtu hupitia tu mnyama akiwa hoi.

Kilichoongezwa ni mashindano. Kila mwaka punda wa Lamu hushindanishwa kwa utunzaji: wataalamu hutazama unene, ngozi, kwato na alama za vidonda, na wenye punda waliotunzwa vizuri zaidi hupewa zawadi mbele ya watu. Ukikaa ukafikiri, zawadi si kubwa kuliko faida ya kumzidishia punda mizigo mwaka mzima. Nguvu yake iko kwingine. Siku hiyo utunzaji, ambao siku zote hufanyika nyuma ya nyumba, unaletwa hadharani, na mtu aliyezoea kuitwa mtu wa punda kwa kejeli anaitwa hivyo kwa heshima. Jirani naye anaona, na mwaka ujao anataka wake aingie.

Lamu ilikuwa na mbegu hiyo tangu zamani. Mbio za punda kandokando ya bahari, wakati wa Maulidi na katika tamasha la utamaduni, huwafanya vijana wa mji kuwa mashujaa kwa mchana mmoja. Kumjua punda wako vizuri hadi akukubali mgongoni bila tandiko, katikati ya kelele za umati, ni sifa inayosimuliwa barazani. Mradi uliofanikiwa ulikuta fahari ipo tayari, ukaielekeza kwenye afya ya mnyama.

Bara, njia imekuwa tofauti. Mashirika ya ustawi wa wanyama kama Brooke yamewekeza kwa mafundi wa vijijini wa lijamu na kwato, na kwa vikundi vya wenye punda. Fundi anayeishi kijijini hubaki mradi ukiondoka. Kikundi kinachowafahamu punda wa wanachama hukesha kwa zamu, hivyo ulinzi haumwangukii mtu mmoja. Na mtu aliyejifunza kurekebisha lijamu mwenyewe, akaona kidonda kimefunga, anapata jambo ambalo dawa ya kugawiwa haimpi: anajua kwamba ni yeye aliyemponya.

Haya yote yana mipaka. Punda wa Lamu bado hufa kwa kula plastiki zinazotupwa ovyo, na hakuna kikombe cha mshindi kitakachosafisha jaa la taka. Mwenye punda aliyeshinda Jumamosi anarudi Jumatatu kwenye bei ile ile ya kubeba mchanga. Mfugaji asiyepata riziki hawezi kuishi kwa makofi. Fahari hufanya kazi pale ambapo riziki ipo walau kidogo, na ndiyo humfanya mtu aendelee kumtunza mnyama katika siku ambazo hesabu za fedha hazimpi sababu ya kutosha.

Kwa hiyo wanaoandika miradi wangeweza kuongeza swali moja katika fomu zao za tathmini, karibu na safu za chanjo na lijamu zilizogawiwa: punda huyu akifa leo, utanunua mwingine? Liulizwe mwanzo wa mradi, mwisho wake, na miaka mitano baada ya gari la mradi kuacha kuonekana. Anayejibu ndiyo huku akieleza atakavyomchagua huyo wa pili, rangi, kimo na tabia, ameshaupokea mradi ukawa wake. Wakiwa wachache wa kujibu hivyo, basi kilichofanyika kijijini hapo ni ugawaji wa vifaa, hata kama kila safu katika ripoti imejazwa.