Mafuriko ya Jangwani: Hata Kompyuta Huwauliza Wenyeji

Nianze na utani wa mjini. Mashabiki wa Simba, ambao makao yao yako Mtaa wa Msimbazi hapa Kariakoo, huwaita wenzao wa Yanga vyura. Sababu yake inajulikana: makao ya Yanga yako Jangwani, na mvua kubwa ikinyesha maji hayabishi hodi. Kariakoo nzima hucheka. Lakini kwa wanaoishi bondeni mwa mto Msimbazi, maji hayo si jambo la kuchekesha.

Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar es Salaam kwa siku tatu mfululizo. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, na maelfu wakabaki bila makazi. Nilikwenda Jangwani na kinasa sauti changu. Mama mmoja aliweka kiganja ukutani, usawa wa kifua chake, akaniambia, "Mwanangu, maji yaliishia hapa." Nikairekodi sauti yake, ikasikika hewani jioni ile, na habari ikaishia hapo. Haikunijia hata mara moja kupima kutoka sakafuni hadi kwenye kile kiganja.

Waliofikiri kupima walikuja baadaye. Mwaka 2015 ulianza mradi unaoitwa Ramani Huria. Ulizikutanisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na wachoraji wa kujitolea wa ramani ya OpenStreetMap. Wanafunzi waliingia mitaani pamoja na wakazi wenyewe, wakaandika kila nyumba, kila uchochoro na kila mfereji. Katika miaka iliyofuata waliwauliza wenyeji maji ya mafuriko yaliwahi kufika wapi, wakapima kimo chake.

Mtu atauliza: kompyuta na mafuriko wapi na wapi? Tazama kazi ilivyogawanywa. Ndege ndogo isiyo na rubani hupiga picha nyingi kutoka angani. Kompyuta huziunganisha picha hizo na kukadiria mwinuko wa ardhi. Bonde lile ni tambarare, hivyo nusu mita tu yaweza kuamua nyumba ipi italowa na ipi itabaki kavu. Mtaalamu wa mito hukadiria maji yatapita wapi, na wa mipango miji hueleza watu wamejenga vipi. Kisha programu iitwayo InaSAFE huiweka ramani ya maji juu ya ramani ya nyumba na hesabu ya watu, ikajibu: wangapi watahitaji kuhamishwa, na watahitaji chakula, maji safi na vyoo kiasi gani. Elimu hii ya kuchambua taarifa nyingi kwa kompyuta ndiyo huitwa sayansi ya data.

Lakini mashine hiyo haijui lolote mpaka iambiwe. Picha ya angani haionyeshi kwamba mfereji umeziba kwa taka, wala haijui kile kiganja cha mama. Maarifa hayo anayo mwenyeji, na asipoulizwa hasara huwa kubwa. Yadi ya mabasi yaendayo kasi ilijengwa palepale Jangwani, na mafuriko ya Aprili 2018 yakaingia humo hadi huduma ikasimama. Kuna mkazi gani wa Jangwani ambaye hakujua kwamba maji hupita pale?

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu leo. Desemba 2015, mwaka uleule wa Ramani Huria, tingatinga lilikuwa likibomoa nyumba bondeni, na kuta zilipigwa alama nyekundu ya X. Sisemi kwamba ramani ndiyo iliyoleta tingatinga. Nasema kwamba mtu aliyeiona X kwa jirani yake ana haki ya kusita anapoulizwa maji yalifika wapi kwake. Jibu lilelile laweza kumletea mfereji, au king'ora cha tahadhari, au kumwondoa kabla hajapata pa kwenda. Na wengi walikaa pale kwa sababu walitembea kwa miguu hadi sokoni Kariakoo kutafuta riziki. Katika sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu milioni 4.4, ile ya 2022 ikahesabu milioni 5.4. Hao wote wanahitaji mahali pa kulala.

Jina lenyewe ni huria, maana yake kila mtu aweza kuiona ramani hiyo. Basi isiishie Mlimani wala kwenye ofisi za wafadhili. Ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na aliyetoa taarifa aelezwe imetumikaje. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Wataalamu wamekuja, wenyeji wamewajibu. Sasa tungoje kuona kama mwenyeji atapona.