Simu Imekuwa Nzito Ukilipa? Usibonyeze Mara Mbili

Ni saa moja jioni kwenye makutano ya Kisian, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia. Stima ilipotea tangu mchana. Umenunua omena ya shilingi 200, simu iko na chaji asilimia 9, na alama ya kuokoa betri imewaka. Unaweka nambari, kiasi na PIN, kisha unabonyeza. Skrini inakwama. Sekunde tano. Kumi. Mama anakuangalia, na matatu ya kuelekea mjini inapiga honi.

Wengi wetu hapo tunarudia kulipa, na shilingi 200 zinageuka kuwa 400.

Leo tunaeleza kwa nini simu huwa nzito wakati kama huo, na kwa nini uzito huo haumaanishi kwamba malipo yamekataa.

Simu inapunguza mwendo kwa makusudi

Ndani ya simu kuna prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote. Hufanya kazi kwa mapigo, kama ngoma. Prosesa ya gigahezi 1 hupiga mara bilioni 1 kwa sekunde. Mapigo yakiwa mengi, kazi huisha haraka, lakini betri huisha haraka pia.

Mwenye boda anaelewa hili vizuri. Ukivuta mafuta mpaka mwisho unafika mapema, lakini tangi linalia. Kwa prosesa, hasara ya mbio ni kubwa zaidi, kwa sababu kasi ya juu huhitaji pia volti za juu. Kasi ikishuka kwa nusu na volti zikashuka kwa robo, umeme unaotumika kuendesha mapigo hayo hubaki karibu asilimia 28 ya ule wa mwanzo. Ndiyo maana simu ikiona chaji imepungua, hukimbilia kupunguza kasi.

Anayeamua kasi hiyo ni programu ya ndani kabisa ya simu. Simu za Android hutumia kiini cha Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Mashine nyingi mpya za kulipia madukani hutumia Android pia, kwa hivyo tabia ni ileile. Hata vijana wanaojaribu bodi ndogo kama Raspberry Pi 4 hukutana nayo: bodi hiyo ilitoka ikiwa na kasi ya juu ya gigahezi 1.5, lakini ikikosa kazi hushuka hadi megahezi 600. Mwenye bodi anaweza kuchagua mwenyewe: kasi ya juu wakati wote, ya chini wakati wote, au ipande na kushuka kulingana na kazi. Kwenye simu yako, kitufe cha kuokoa betri hukuchagulia.

Joto na betri kuukuu

Chaji ndogo si sababu pekee. Simu iliyofungwa kwenye usukani wa boda, jua la mchana likiiwakia, hupunguza kasi ili isiungue. Raspberry Pi 4 nayo huanza kujizuia joto la chipu likifika nyuzi 80.

Betri iliyochoka huleta shida nyingine. Prosesa ikiruka ghafla kwenda kasi ya juu, betri hushindwa kutoa umeme wa kutosha na simu huzima hata ikionyesha asilimia 15. Mwaka 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili kuzuia kuzima huko. Watumiaji wengi walikasirika, kwa sababu hawakuwa wameelezwa wazi.

Pesa haziko kwenye simu

Hapa ndipo pa kushika. Ukishathibitisha kwa PIN na ombi likatoka kwenye simu, kazi iliyobaki hufanyika kwenye seva, si mkononi mwako. Simu inaweza kukwama, kupata joto au hata kuzima, na malipo yakaendelea bila shida. Skrini iliyoganda haikuambii kama pesa zimeenda au hazijaenda. Ukirudia, hilo ni ombi jipya kabisa.

Kwa hivyo tunakushauri:

1. Bonyeza mara moja tu, kisha subiri ujumbe wa uthibitisho.

2. Ujumbe ukichelewa, angalia salio au taarifa ya miamala kabla ya kurudia. Simu ikizima, ichaji au weka laini kwenye kabambe, halafu uangalie.

3. Wewe muuzaji, angalia ujumbe kwenye simu yako mwenyewe. Usiamini skrini ya mteja, na usimlazimishe arudie kabla hamjahakikisha pamoja.

4. Chaji ikiwa kidogo, punguza mwangaza wa skrini na ufunge programu usizotumia kabla ya kuanza kulipa. Mara nyingi skrini hula chaji kuliko prosesa. Ukiona simu ni nzito mno, zima kuokoa betri kwa hiyo dakika moja ya kulipa, kisha uiwashe tena.

5. Wewe wakala, tumia chaja na waya zilizokuja na mashine. Waya hafifu huleta umeme mdogo, na mashine inaweza kupunguza kasi au kujizima foleni ikiwa ndefu. Pawa benki iliyojaa ni rafiki yako siku ya giza.

6. Ukigundua umelipa mara mbili, zungumza na aliyepokea na utupigie haraka, kabla pesa hazijatolewa. Kuwa na nambari ya muamala karibu. PIN yako hatutakuuliza kamwe, na yeyote anayeiuliza ni mwizi.

Turudi kwa mama wa omena. Ukimwambia, "Mama, ngoja kidogo tuangalie ujumbe," utapoteza dakika moja, labda na matatu hiyo. Nyingine itakuja. Shilingi 200 zilizotumwa mara ya pili kurudi ni kazi zaidi.