Kutoka Mwano hadi Paneli: Istilahi za Kamsa za Wizi katika Majengo

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi zinazohusu kamsa za wizi, na hasa namna kifaa kinachotawala kamsa hizo kinavyopashana habari na mfumo unaoendesha jengo zima. Zamani mambo haya yalikuwa ya mafundi peke yao. Leo wafasiri hupewa vitabu vya maelekezo ya vifaa hivyo, walimu wa ufundi huvifundisha, na watumishi wa Serikali hutakiwa kuandika maelezo ya zabuni na amri za lindo. Neno likiwa na maana tatu, anayepata hasara si mwandishi bali ni mlinzi aliye lindoni saa nane za usiku.

Kamsa na mwano

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kutahadharisha. Tunayo kamsa, yowe, ukunga, mbiu, king'ora na kengele. Lakini maneno haya hayalingani. King'ora na kengele ni vyombo. Yowe na ukunga ni sauti za watu. Mbiu ni tangazo. Kamsa ndilo neno linalobeba hali yenyewe ya hatari pamoja na wito wa msaada. Kwa hiyo tunaona lifaa kuwa istilahi ya jumla, na vyombo vibaki na majina yao. Kamsa yaweza kuwapo bila king'ora kulia, kwa mfano pale mhasibu anapobonyeza kitufe kilichofichwa chini ya meza.

Hapa hatuna budi kutazama Tabora. Katika nchi ya Wanyamwezi, na kwa jirani zao Wasukuma, liko neno mwano. Mwano ni ukelele wa hatari, ila si ukelele tu. Anayeusikia hupaswa kuurudia ili wa mbali nao wausikie, kisha aondoke kwenda kusaidia. Kijiji hupokea kutoka kijiji. Desturi hii ilijulikana sana nchini pale vikundi vya Sungusungu vilipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika sehemu za Kahama na Nzega, kupambana na wezi wa ng'ombe. Asiyeitika mwano aliadhibiwa.

Basi mwano una mambo matatu ambayo kamsa peke yake haiyataji: habari hupelekwa mbele, mpokeaji huonyesha kwamba ameipokea, na mpokeaji ana wajibu. Haya ndiyo hasa yanayotakiwa paneli inapopeleka habari kwenye mfumo wa jengo. Tunapendekeza wataalamu walifikirie neno mwano kwa maana ya kamsa iliyopelekwa mbele na inayodai kuitikiwa. Kuchota katika lugha za Kibantu si jambo geni kwetu. Neno ikulu, ambalo kwa Wanyamwezi lilikuwa makao ya mtemi, leo hakuna anayeliona kuwa geni.

Paneli na mfumo wa jengo

Tembe la Kinyamwezi, na yale waliyojenga wafanyabiashara wa Pwani huko Kwihara na Tabora katika karne ya 19, lilizunguka ua, na milango ya kutokea nje ilikuwa michache. Aliyelinda lango alilinda nyumba. Jengo la leo lina milango na madirisha mengi, kwa hiyo ulinzi hugawanywa katika kanda. Kila kanda ina vitambuzi vyake: cha mlango, cha mwendo, cha kioo kuvunjika. Vitambuzi vyote huripoti kwenye paneli ya kamsa, nayo ndiyo yenye kuamua.

Kando yake upo mfumo wa uendeshaji wa jengo, unaotawala viyoyozi, taa, pampu za maji, lifti na jenereta. Paneli ikiunganishwa nao, mtu akivunja dirisha la ghala taa za ghala huwaka zenyewe na mchoro wa jengo huonyesha mahali penyewe. Kadhalika, mtu wa mwisho akitoka jioni na kutega kamsa, viyoyozi huzimwa bila kuagizwa.

Neno "zima" na hatari yake

Amri isemayo "Zima kengele" yaweza kufahamika kwa namna tatu. Kwanza, nyamazisha king'ora, ilhali kamsa inaendelea. Pili, ondoa ulinzi ili watu waingie. Tatu, kata umeme wa paneli. Mlinzi aliyeagizwa la kwanza akatenda la pili ameliacha jengo wazi huku mwizi yumo ndani. Vivyo hivyo "Washa kengele": je, iliwe, au iwekwe tayari?

Kiswahili kinayo dawa ya jambo hili katika maneno ya wawindaji. Mtego hutegwa na huteguliwa. Basi paneli itegwe na iteguliwe. King'ora kinyamazishwe. Umeme ukatwe. Na kamsa ikiisha kushughulikiwa, paneli irejeshwe katika hali ya kawaida. Vitenzi hivi visibadilishane nafasi.

Kufunga na kufungua

Shida ya pili ni kitenzi kufunga. Mlango uliofungwa hauruhusu kitu kupita. Mzunguko wa umeme uliofungwa ndio unaoruhusu umeme kupita. Msomaji asiyejua hili atageuza maana. Tunashauri mfasiri asiseme "imefungwa" peke yake, bali aseme "mguso umefungwa, umeme unapita" au "mlango umefungwa."

Jambo hili lina uzito kwa sababu jozi moja ya waya yaweza kueleza hali nne. Tuchukue mfano wa kanda yenye vikinza viwili vya omu 1,000 kila kimoja, kimoja kikiwa kimeunganishwa sambamba na mguso wa kitambuzi. Paneli ikipima omu 1,000, hali ni ya kawaida. Ikipima 2,000, mguso umefunguka na kamsa ipo. Isipopata njia kabisa, waya umekatwa. Ikipima sifuri, waya zimegusanishwa. Hali mbili za mwisho si kamsa ya kawaida. Huenda mtu amechokonoa waya. Tumeziita uchokonozi, tusizichanganye na hitilafu, ambayo ni ubovu wa chombo, kama betri iliyochoka. Kwa hitilafu huitwa fundi. Kwa uchokonozi huitwa mlinzi.

Kusanidi mawasiliano

Njia rahisi ya kuunganisha ni rilei: paneli hufunga au hufungua mguso, na mfumo wa jengo husoma. Fundi mwangalifu huiacha rilei ikiwa imevutwa wakati wa amani, ili umeme wa paneli ukikatika nayo ilegee na kutoa habari. Lakini rilei moja hueleza jambo moja tu.

Njia pana zaidi ni itifaki, yaani kanuni ya mazungumzo baina ya mashine. Mbili zimeenea sana: Modbus, iliyotolewa mwaka 1979, na BACnet, iliyotangazwa kuwa kanuni huko Marekani mwaka 1995 na kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2003. Paneli isiyojua itifaki ya mfumo huwekewa lango, ambalo ni kama mkalimani. Kisha huandikwa jedwali la nukta: kila kanda na kila hali hupewa anwani. Hapa mfasiri ajihadhari. Katika Modbus, vitabu vingi huhesabu rejista kuanzia 1, ilhali ujumbe wenyewe huhesabu kuanzia 0. Tarakimu hizo zisisahihishwe hata zikionekana kupishana. Kosa la moja huifanya kanda ya ghala ionekane kuwa kanda ya mapokezi.

Yabaki mambo mawili. La kwanza, mfumo wa jengo usome paneli, usiitegue. Mafundi wa viyoyozi na wa lifti hugusa mfumo huo kila mara, na hawakukabidhiwa funguo za ghala. La pili, uzi wa mawasiliano ukikatika, huenda skrini ikaendelea kuonyesha neno la mwisho ililopokea, yaani "salama." Ndiyo sababu paneli hutakiwa kutoa ishara ya uhai kila baada ya muda uliowekwa, ishara ikikosekana, mfumo utangaze kwamba mawasiliano yamekatika. Kimya kisifasiriwe kuwa amani.

Istilahi tunazopendekeza

Kamsa: hali ya hatari iliyotambuliwa, na wito wake.
Mwano: kamsa iliyopelekwa mbele, inayodai kuitikiwa.
Kuitika: kuthibitisha kwamba mwano umepokewa na mtu.
Paneli ya kamsa: kifaa kinachokusanya habari za vitambuzi na kuamua.
Kitambuzi: chombo kinachotambua mwendo, mguso au mvunjiko.
Kanda: sehemu ya jengo inayolindwa kama kitu kimoja.
Kutega, kutegua: kuweka na kuondoa ulinzi.
Kurejesha: kuirudisha paneli katika hali ya kawaida baada ya kamsa.
Hitilafu: ubovu wa chombo au wa umeme.
Uchokonozi: kuingiliwa kwa chombo au waya kwa makusudi.
Lango: kifaa kinachounganisha itifaki mbili.
Nukta: habari moja yenye anwani yake.
Ishara ya uhai: ujumbe wa mara kwa mara unaothibitisha kuwa mawasiliano yapo.

Hitimisho

Tumejitahidi kutumia maneno yaliyomo tayari katika lugha, na yale ya kukopa kama paneli na rilei tumeyaacha kwa kuwa mafundi wanayo vinywani. Tunawaomba wafasiri na walimu wayajaribu maneno haya kazini, hasa mwano na uchokonozi, na kutueleza yanakokwama. Watumishi wanaoandika amri za lindo tunawaomba jambo moja zaidi: kabla amri haijabandikwa ukutani, mpeni mlinzi mwenyewe aisome, kisha awaeleze atafanya nini. Maelezo yake yakitofautiana na makusudio yenu, ibadilisheni amri.