Fahamu: Kang Youwei alikuwa nani?

Kang Youwei (1858–1927) alikuwa mwanazuoni na mwanamageuzi wa China aliyeishi uhamishoni takriban miaka 15.

Kwa nini alikimbia?

Mwaka 1898 alimshauri Mfalme Guangxu kubadili elimu, jeshi na utawala. Baada ya siku 103 za mageuzi hayo, Cixi, mama mlezi wa mfalme, alitwaa madaraka. Wanamageuzi sita walikatwa vichwa, akiwemo mdogo wake Kang.

Aliponaje?

Meli aliyokuwa akisafiria ilipokaribia Shanghai, Mwingereza mmoja alipanda na kumwonyesha amri ya kukamatwa kwake. Waingereza wakamfikisha Hong Kong. Mwaka 1899, akiwa Kanada, alianzisha chama cha kumtetea mfalme.

Ana umuhimu gani?

Baadhi ya mageuzi aliyoyataka yalitekelezwa baadaye: mitihani ya kale ya utumishi wa serikali aliyoipinga ilifutwa mwaka 1905, naye alikuwa angali ugenini.