Silaha na Mhusika: Mkuki, Rungu na Sime katika Usawiri wa Morani wa Kajiado

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha huko Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akajitwalia mhusika wa kubuni, nao hutunga kisa kwa mazungumzo huku dadu ikiamua kama pigo limempata adui au limekwenda upande. Mwaka 1985 kitabu cha nyongeza cha mchezo huo kilimruhusu mpiganaji kubobea katika silaha moja. Aliyeshika upinde hakuwa tena sawa na aliyeshika upanga. Kila mmoja alikuwa na umbali wake, kasi yake na udhaifu wake.

Kanuni hiyo ya mchezo inagusa suala la usawiri ambalo wanafunzi wa fasihi hulipitia kwa haraka. Katika hadithi nyingi za kubuni zinazoandikwa na wanagenzi wa Kiswahili, shujaa hupewa upanga tu, kisha mwandishi husema kwamba alipigana kwa ushujaa mkubwa. Msomaji haoni alivyosimama, mkono gani ulikuwa na ngao, wala kwa nini alishinda. Makala haya yanaeleza jinsi silaha za morani wa Kimaasai wa Kajiado zinavyoweza kumfafanua mhusika, na msamiati ambao Kiswahili kinao kwa kazi hiyo.

Tuanze na mkuki, ambao Wamaasai huuita empere. Mkuki uliozoeleka tangu mwishoni mwa karne ya 19 una bapa refu na jembamba la chuma, mpini mfupi wa mti wa kushikia, na chuma kingine kirefu kilichochongoka upande wa chini. Ule wa zamani zaidi ulikuwa na bapa fupi na pana. Umbo hili linaeleza mapigano yenyewe. Mkuki mzito wa namna hii unaweza kurushwa, lakini pia unafaa kudungia adui aliye karibu, ilhali ngao ya ngozi ya nyati ikiukinga mwili upande wa kushoto. Mwandishi anayejua tofauti hii hatatumia kitenzi kimoja tu. Mkuki unaotoka mkononi hurushwa au huvurumishwa, na ukimpata mlengwa humfuma. Usiotoka mkononi huchoma au hudunga. (Si ajabu kwamba neno “fumo” katika Kiswahili cha kale lilikuwa jina la mkuki wenye bapa pana, na pia cheo cha mtawala.) Aliyekwisha kuurusha mkuki wake amebaki bila mkuki. Hapo ndipo kisa kinapoanza kunoga, kwa kuwa mhusika hana budi kuamua.

Rungu na sime ndizo zinazobaki. Rungu ni kijiti chenye kichwa kizito, nacho hurushwa kwa shabaha au hutumika kupigia kwa mkono. Sime, yaani olalem, ina makali pande zote mbili, nayo hupanuka kidogo inapokaribia ncha. Uzito ukiwa mbele hivyo, pigo lake la asili ni la kufyeka kuliko la kuchoma. Huvaliwa kiunoni upande wa kulia katika ala ya ngozi, ambayo mara nyingi hutiwa rangi nyekundu. Mkono wa kushoto una ngao, kwa hiyo wa kulia ndio unaochomoa. Jambo hili ni dogo, lakini tamthilia inayomwonyesha morani akichomoa sime kwa mkono wa kushoto huku ameshika ngao itachekwa na watazamaji wa Kajiado.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kile ambacho morani hakukichagua. Upinde ulijulikana kwa Wamaasai. Mshale maalumu wenye kizuizi hutumika kumtoboa ng’ombe mshipa wa shingo ili kukinga damu. Vitani, hata hivyo, fahari ilikuwa ya mkuki. Majirani zao Wakamba, kutoka upande wa Machakos, walisifika kwa upinde na mishale iliyopakwa sumu itokanayo na msunguti. Hizi ni falsafa mbili za mapigano. Mpiga mishale hutaka kichaka, mlima, umbali na subira. Mwenye mkuki na ngao hutaka uwanda wazi kama ule wa Athi-Kapiti, unaozunguka Kitengela ya leo, na wenzake ubavuni. Mwandishi akiwakutanisha wahusika hawa wawili, mandhari yenyewe huwa mshiriki wa mgogoro: atakayemvuta mwenzake kwenye ardhi anayoipenda ndiye mwenye matumaini.

Katika fasihi ya Waswahili mfano ulio karibu ni Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Silaha yake ni upinde, na hata kifo chake kinausawiri ustadi huo. Akiwa amejeruhiwa kitovuni na mwanawe, anapiga goti kisimani akiwa na mshale tayari, na watu wanaogopa kumkaribia hali amekwisha kufa. Angepewa rungu, kisa hicho kisingewezekana.

Aidha, morani hapigani peke yake. Michoro ya ngao, inayoitwa sirata, ilionyesha rika na sehemu ya jamii ya mwenye ngao, kwa mfano Ilkaputiei wa upande wa Kitengela au Ilkisonko wa Loitokitok. Mhusika mwenye ngao isiyo na alama ni mtu asiye na kwao.

Sifa kubwa ya mkuki ilipatikana katika kuwinda simba, ambapo aliyemfuma mnyama kwanza ndiye aliyeheshimiwa. Hapa mwandishi wa leo ana mtihani. Mnamo Juni 2012 simba sita waliuawa karibu na Kitengela baada ya kuua mbuzi wa wafugaji. Tukio hilo halifanani na utenzi: upande mmoja kuna mfugaji aliyepoteza mali, upande wa pili kuna mnyama anayezidi kupungua. Mwaka huohuo, upande wa kusini wa Kajiado karibu na Amboseli, yalianzishwa mashindano ya Michezo ya Olimpiki ya Wamaasai, ambayo morani hushindania badala ya simba. Hurusha mkuki, hutupa rungu, hukimbia na huruka juu, na David Rudisha, bingwa wa mbio za mita 800, amekuwa mlezi wake. Mkuki unaorushwa hapo hupimwa kwa umbali uliofika, na hakuna ngao mkononi. Mtunzi anayetaka kumchora morani wa kizazi hiki itambidi aanze na mkono huo wa kushoto ulio mtupu.